Jeshi la Anga za Juu la Marekani: Kicheko kilivyofunika swali zito

RAIS Donald Trump wa Marekani alipotia saini sheria ya ulinzi mnamo Desemba 20, 2019, nchi hiyo ilipata tawi la sita la majeshi yake, na la kwanza jipya tangu Jeshi la Wanahewa liundwe mwaka wa 1947. Tawi hilo, Jeshi la Anga za Juu, lilikabidhiwa jukumu la kulinda setilaiti za Marekani na maslahi yake nje ya dunia. Hata hivyo, ni nadra jeshi kuzaliwa huku likichekwa na umma kiasi hicho.

Wazo lenyewe halikuanza na Bw Trump. Mnamo 2017, wabunge Mike Rogers wa chama cha Republican na Jim Cooper wa Democratic walipendekeza kikosi cha aina hiyo. Bunge la Wawakilishi lilikubali, lakini pendekezo hilo likaondolewa kabla ya sheria ya mwaka huo kupitishwa. Miongoni mwa waliolipinga alikuwa Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Jim Mattis, aliyesema halikufaa wakati ambapo wizara yake ilikuwa ikijitahidi kupunguza gharama.

Bw Trump alilizungumzia hadharani mnamo Machi 13, 2018, akiwahutubia wanajeshi katika kambi ya Miramar, California, na akakiri kwamba mwanzoni alilitaja kwa mzaha. Miezi mitatu baadaye aliiagiza Wizara ya Ulinzi kuanza matayarisho. Mnamo Agosti mwaka huo kamati yake ya kampeni iliwaalika wafuasi kuchagua nembo ya jeshi ambalo halikuwa limeidhinishwa na Kongresi. Tangu hapo, wengi walilipima jeshi hilo kwa mizani ya siasa. Katika kura ya maoni ya shirika la CNN mwaka huo, asilimia 55 ya waliohojiwa walilipinga na asilimia 37 wakaliunga mkono.

Wataalamu nao waligawanyika. Mark Kelly, mwanaanga wa zamani ambaye baadaye alichaguliwa seneta wa Arizona, alisema kazi hiyo tayari ilikuwa ikifanywa na Wanahewa. Kwa upande wake, mwanasayansi Neil deGrasse Tyson alionya kwamba wazo halifai kupuuzwa kwa sababu tu limetoka kinywani mwa Bw Trump.

Jeshi lilipoundwa, dhihaka zilizidi. Mnamo Januari 2020 lilionyesha magwanda yenye madoadoa ya kijani na kahawia, na watu wakauliza kuna msitu gani huko juu wa kujificha. Jeshi lilijibu kwamba linatumia sare zilizokuwepo ili kuokoa fedha, na kwamba wanajeshi wake hufanya kazi ardhini. Siku chache baadaye, nembo yake ilifananishwa na ile ya filamu za Star Trek, na mwigizaji George Takei akadai kwa utani kwamba wenye filamu hizo walipwe. Mnamo Mei mwaka huo, Netflix ilianza kuonyesha mfululizo wa vichekesho uliobeba jina la jeshi hilo.

Nyuma ya vicheko hivyo palikuwa na kazi isiyo ya mzaha. Wanajeshi hao hawarushwi angani kupigana. Wengi hukaa mbele ya kompyuta wakiongoza setilaiti, wakifuatilia vifusi vinavyozunguka dunia na kutazama iwapo kuna kombora lililofyatuliwa. Iran iliporusha makombora dhidi ya kambi ya Al Asad nchini Iraq mnamo Januari 2020, setilaiti za Marekani ziliyagundua, na wanajeshi wakaonywa mapema. Mtambo wa GPS, unaotegemewa na simu, meli na ndege kote duniani, pia huendeshwa na jeshi hilo.

Aidha, wavumao baharini papa kumbe wengi wapo. Urusi ilikuwa imeunda jeshi la anga za juu tangu 1992. China iliharibu setilaiti yake yenyewe kwa kombora mnamo 2007 na kuacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa. Marekani ilifanya hivyo mnamo 2008, India 2019 na Urusi 2021. Hata hivyo, Desemba 2019 ni Beijing na Moscow zilizoilaumu Washington kwa kuzigeuza anga za juu kuwa uwanja wa vita.

Hapo ndipo lilipo swali zito. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi makubwa kwenye mzingo wa dunia, lakini haukatazi silaha za kawaida. Watetezi wa jeshi jipya husema litawafanya maadui wasite kushambulia, ilhali wakosoaji wake wanahofia litachochea mashindano ya silaha.

Mnamo Februari 2021, msemaji wa Ikulu ya White House, Jen Psaki, alilijibu kwa kejeli swali kuhusu jeshi hilo, lakini akatangaza siku iliyofuata kwamba serikali ya Rais Joe Biden inaliunga mkono kikamilifu. Hivyo jeshi lililohusishwa na mtu mmoja likavuka mabadiliko ya uongozi.

Suala hili si la Wamarekani pekee. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa Aprili 15, 2023 kutoka Vandenberg, California, kituo kilicho chini ya jeshi hilo hilo. Mwishoni mwa Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni sehemu ya roketi. Pete hiyo haikutokana na vita. Lakini setilaiti zikianza kulipuliwa, vipande vyake havitachagua setilaiti ya taifa kubwa au dogo. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.