Kilomita walizonyimwa wanawake

Chepsaita, kijiji cha eneo bunge la Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, kimejipatia jina miaka ya karibuni kwa mbio zake za nyika. Upande huu wa Eldoret riadha ni kazi kama kulima mahindi au kufuga ng'ombe wa maziwa. Inalisha jamaa, inasomesha watoto, inanunua shamba, na baadhi ya majengo ya mjini Eldoret yamesimama kwa pesa zake. Kama kazi nyingine yoyote, nayo imekuwa na pengo kati ya mwanamume na mwanamke, na historia ya pengo hilo inaanza na kilomita kabla haijafika kwenye pesa.

Mwaka 1928, mjini Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ikaenezwa kwamba walichoka kupita kiasi, na mbio hizo zikafutwa hadi Roma mwaka 1960. Mita 1,500 zilikuja 1972, marathoni 1984, mita 10,000 zikaja 1988, na mita 5,000 zikangoja hadi 1996. Linganisha kalenda hiyo na medali za Kenya. Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali, Pauline Konga, alisubiri hadi 1996. Dhahabu za kwanza za wanaume zilipatikana Mexico mwaka 1968, ya kwanza ya mwanamke ikaletwa na Pamela Jelimo kutoka Beijing mwaka 2008. Ni miaka 32 kwa medali na 40 kwa dhahabu. Katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ambako Amos Biwott alishinda mwaka 1968 na Wakenya wakaendelea kutawala kwa miongo mingi, wanawake hawakuwa na mashindano ya Olimpiki hadi 2008. Mbio ambazo nchi hii ilikuwa na ujuzi nazo kuliko nchi yoyote duniani, ndizo binti zake walizocheleweshewa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kilichowachelewesha wasichana ni mila: kuozwa mapema, kuchota maji, kulea wadogo zao. Mila zilikuwa na uzito, na asiyekiri hilo hajui maisha ya msichana wa shambani. Lakini tazama kilichotokea kila mlango ulipofunguliwa. Konga alipata fedha ya mita 5,000 mwaka uleule wanawake waliporuhusiwa kukimbia umbali huo Olimpiki. Mwaka 1994 Tegla Loroupe akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Mwaka 2017, mjini Kampala, mbio za nyika za dunia ziliwapa wanawake kilomita 10 sawa na wanaume kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kukimbizwa masafa mafupi zaidi, na Wakenya wakashika nafasi zote kuanzia ya kwanza hadi ya sita, Irene Cheptai akiwa mbele. Mila haziwezi kubadilika kwa kasi ya namna hiyo. Kilichobadilika ni ratiba.

Pesa zilifuata. Marathoni ya Boston ilipoanza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986, ilitoa sawa kwa wote. Mashindano ya dunia ya Athens mwaka 1997, ya kwanza kulipa fedha taslimu, yalimpa kila mshindi dola 60,000, awe mwanamume au mwanamke. Kuna hoja kwamba mwanamume anakimbia kasi zaidi, hivyo alipwe zaidi. Hoja hiyo inasahau kwamba zawadi hulipwa kwa kuwashinda wapinzani ulioshindanishwa nao. Bondia wa uzito mwepesi hanyimwi chake kwa sababu yule wa uzito wa juu angemwangusha.

Basi je, suala limekwisha? Kwenye utepe, karibu limekwisha. Kambini bado, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaja mamilioni ya Jelimo au ya bingwa wa Olimpiki Faith Kipyegon kama ushahidi kwamba usawa umepatikana. Zawadi ni mavuno, na mazoezi ndiyo kilimo chenyewe. Kwa miongo mingi timu za jeshi, polisi na magereza ziliwapa wanariadha mshahara na muda wa kujinoa, lakini jeshini wanawake walitengwa katika kikosi chao hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Shule ya St. Patrick's ya Iten, iliyolea mabingwa wengi, ni ya wavulana. Katika kambi za mchanganyiko wanawake walirudi kutoka mazoezini wakapike na kufua huku wenzao wa kiume wakipumzika, na pumziko ni sehemu ya mazoezi. Mwanariadha Lornah Kiplagat aliliona hilo, akafungua kambi yake Iten karibu na mwaka 2000 ili wasichana wapate kufanya mazoezi, kula na kulala kama wanariadha.

Makocha wengi hadi leo ni wanaume. Mara nyingine kocha ndiye mume, na ndiye anayeshika akaunti ya benki. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, ila inamlinda mwajiriwa. Anayeishi kwa zawadi na mikataba ya viatu yuko nje ya ulinzi huo, na ilikuwa mwaka 2019, baada ya wanariadha wa Marekani kulalamika hadharani, ndipo kampuni kubwa zilipoanza kuacha kuwakata malipo wajawazito. Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi kushinda Olimpiki mwaka 2021 na 2024. Wasichana wanaochipukia Uasin Gishu wanahitaji mahali pa kumwacha mtoto asubuhi ya mazoezi, akaunti kwa jina lao wenyewe, na nafasi katika kozi za ukocha, ili mwanamke anayestaafu mbio abaki uwanjani na saa mkononi.