Sauti ya Watu Wenye Ulemavu katika Sera za Majimbo ya Marekani

Sauti ya watu wenye ulemavu katika sera za majimbo ya Marekani ni jina la jumla la sheria, mabaraza na harakati zinazowapa wakazi wenye ulemavu nafasi ya kushauri, na mara chache kuamua, mipango ya serikali ya jimbo inayowagusa. Jimbo lina mamlaka makubwa juu ya maisha yao kuliko wengi walio nje ya nchi hiyo wanavyodhani. Serikali kuu huchangia fedha, lakini jimbo ndilo linaloendesha Medicaid, mpango wa matibabu ulioanzishwa mwaka 1965 kwa watu wa kipato kidogo. Jimbo ndilo hupanga nani apate msaidizi wa kumwogesha na kumvisha nyumbani, tena kwa saa ngapi. Mahakama zake ndizo humweka mtu mzima chini ya mlezi. Anayetaka kujua kama watu wenye ulemavu wanasikika Marekani, aanze katika miji mikuu ya majimbo, kama Sacramento, Albany au Atlanta, kabla ya kufika Washington.

Kwa muda mrefu hawakusikika kabisa. Mwaka 1907 Indiana ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa lazima watu walioitwa wapungufu wa akili. Virginia ilifuata mwaka 1924, na miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliibariki sheria hiyo katika kesi ya Buck v. Bell. Carrie Buck, msichana aliyepelekwa katika taasisi ya jimbo baada ya kubakwa na kupata mimba, akafungwa kizazi. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba hakuwa na ulemavu wowote wa akili. Majimbo zaidi ya 30 yalikuwa na sheria za namna hiyo, na watu zaidi ya 60,000 walifanyiwa upasuaji huo. Magavana wa Virginia na Oregon waliomba radhi mwaka 2002, wakati wengi wa waliotendewa walikwisha kufa.

Wengine walifungiwa katika taasisi kubwa za majimbo. Willowbrook, iliyokuwa Staten Island katika jimbo la New York, ilijengwa kwa watu 4,000. Mwaka 1965 ilikuwa na zaidi ya 6,000. Picha za televisheni zilizotangazwa mwaka 1972 zilionyesha watoto walio uchi sakafuni, na wazazi wakaenda mahakamani. Kutokana na hasira iliyozuka, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1975 ilitaka kila jimbo liwe na chombo huru cha kulinda na kutetea haki za watu wenye ulemavu wa ukuaji, yaani unaoanza utotoni au ujanani. Ushindi huo ni wa wazazi, na wanastahili heshima yake. Hata hivyo, sauti ya mzazi haiwezi kuhesabiwa kuwa sauti ya mwanawe. Mzazi huomba usalama kwanza. Mwanawe, akiulizwa, mara nyingi huomba ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Mabadiliko makubwa zaidi yalianzia California. Ed Roberts, aliyezaliwa mwaka 1939, alipooza kwa polio akiwa na miaka 14, na tangu hapo alilala ndani ya mashine kubwa ya kumsaidia kupumua. Alipotaka kusoma Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, idara ya jimbo inayogharamia mafunzo ya watu wenye ulemavu ilikataa kumsaidia, kwa hoja kwamba hataweza kuajiriwa kamwe. Habari zilipofika magazetini, idara ikageuza uamuzi, naye akaingia chuoni mwaka 1962. Miaka kumi baadaye yeye na wenzake walikuwa na kituo chao Berkeley, kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe, kikitafuta wasaidizi, nyumba na mafundi wa viti vya magurudumu. Kisha Jerry Brown, aliyeapishwa kuwa gavana mwaka 1975, akamteua Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ileile iliyomkataa. Aliiongoza hadi mwaka 1983. Hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi tofauti ya kusikilizwa na kushika kalamu: akiwa mkurugenzi, Roberts hakuhitaji tena kumwomba mtu fedha za vituo kama kile cha Berkeley, alizipanga mwenyewe.

Mfano wa California ulienea kwa njia ya sheria. Marekebisho ya sheria ya serikali kuu ya huduma kwa watu wenye ulemavu, ya mwaka 1978, yaliruhusu fedha zake kwenda kwenye vituo vya aina hiyo, na ya mwaka 1992 yakataka kila jimbo liwe na baraza la maisha ya kujitegemea ambalo wajumbe wake walio wengi ni watu wenye ulemavu wasioajiriwa na serikali ya jimbo wala na vituo hivyo. Sambamba na hayo yako mabaraza ya ulemavu wa ukuaji, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1970. Wajumbe wake huteuliwa na gavana, na sheria ya mwaka 2000 inasema angalau asilimia 60 kati yao lazima wawe watu wenye ulemavu huo au jamaa zao. Baraza huandika mpango wa miaka mitano wa jimbo zima.

Kiti cha barazani peke yake hakitoshi. Watu wenye ulemavu wa akili wa Oregon, walioanzisha chama cha People First mwaka 1974, walilijua hilo mapema: waliendesha mikutano wenyewe, kwa lugha nyepesi, wasimamizi wakikaa pembeni. Minnesota ilianzisha mwaka 1987 mafunzo yaitwayo Partners in Policymaking, ambamo wazazi na watu wazima wenye ulemavu hujifunza jinsi mswada unavyopita na namna ya kuzungumza na mbunge kwa dakika chache. Majimbo mengine mengi yaliyachukua. Pasipo maandalizi hayo, pasipo usafiri, mkalimani wa lugha ya alama na makabrasha yanayosomeka, mjumbe huitwa mkutanoni ili picha ipigwe tu.

Udhaifu mkubwa uko kwenye bajeti. Chini ya Medicaid, jimbo hulazimika kugharamia vituo vya uuguzi, lakini huduma nyingi za nyumbani ni hiari yake, na mamia ya maelfu ya watu wako kwenye orodha za kuzingojea. Mwaka 1999 Mahakama Kuu, katika kesi ya Olmstead iliyofunguliwa kwa niaba ya Lois Curtis na Elaine Wilson wa Georgia, iliamua kwamba kumweka mtu hospitalini bila sababu ilhali anaweza kuishi miongoni mwa watu ni ubaguzi. Lakini mapato ya jimbo yakishuka, kilicho cha hiari hukatwa kwanza, na mabaraza hayana kura bungeni ya kuzuia. Ndiyo maana mwaka 2010 watu wenye ulemavu walipiga kambi ya mahema barabarani mjini Berkeley kupinga makato ya Gavana Arnold Schwarzenegger, ingawa California ilikuwa na kamati za ushauri ambazo angalau nusu ya wajumbe wake ni watumiaji wa huduma hizo za nyumbani.

Kikwazo kingine ni kura yenyewe. Katika majimbo mengi hakimu anayemweka mtu mzima chini ya mlezi anaweza pia kumwondolea haki ya kupiga kura. Mtu huyo anaweza kuteuliwa na gavana kuketi barazani, na asiruhusiwe kumpigia kura gavana huyohuyo.