Hukumu Isiyo na Mshtakiwa

Katika sura ya sita ya Kitabu cha Yoshua, ndani ya Biblia ya Union ambayo wengi wetu tumekua nayo, limo neno ambalo mtu wa pwani analijua kwa sura nyingine kabisa: wakfu. Kwetu nyumba huwekwa wakfu ili kodi yake ihudumie msikiti. Kisima huwekwa wakfu, na shamba la minazi, na kiwanja cha makaburi. Mwenye mali ameshaitoa mkononi, haiuzwi wala hairithiwi, na thawabu inamfuata hadi kaburini. Yeriko nao unawekwa wakfu. Kisha wanauawa wote waliomo, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, pamoja na ng'ombe, kondoo na punda.

Watafsiri hawakulichukua neno hilo kiholela. Kiebrania kinasema herem, na mzizi wake ni ndugu wa ule uliotuletea, kupitia Kiarabu, haramu, ihramu ya mahujaji, na maharimu, yaani jamaa ambao mtu haruhusiwi kuoana nao. Kitu cha herem kimeondolewa katika matumizi ya watu kikawa cha Mungu peke yake. Mwisraeli Akani alipoficha joho, fedha na dhahabu ya Yeriko, aligusa kisichoguswa, akapigwa mawe. Wakfu umelibeba vizuri fungu la kwanza la maana, lile la kutoa mkononi. Fungu la damu halikuingia.

Ajabu ya herem ni kwamba lenyewe halimshtaki mtu. Mwaka 1868, huko Dhiban katika Yordani ya leo, lilijulikana jiwe la mfalme Mesha wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo, ambalo sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris. Mesha anajisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo, akaua watu 7,000, wanawake na wajakazi wakiwemo, akawafanya herem kwa mungu wake. Safari hii waliouawa ni Waisraeli. Mesha hataji wajakazi wale walikosa nini, kwa kuwa herem haihitaji kosa. Inahitaji mwenyewe tu, na mwenyewe ni mungu.

Katika vitabu na midahalo ya utetezi wa imani, jambo hilohilo likija upande wa Kanaani huitwa hukumu. Watetezi hawakulitunga hewani, maana Kumbukumbu la Torati linasema mataifa yale yalifukuzwa kwa uovu wao. William Lane Craig, Mmarekani anayesikika sana katika uwanja huu, amekwenda mbele zaidi: watu wazima walistahili hukumu, na watoto waliouawa waliingia katika uzima wa milele, kwa hiyo hawakudhulumiwa. Paul Copan, katika kitabu chake cha mwaka 2011, anashika njia nyingine: kusema wameuawa "wote bila kubakiza" yalikuwa majigambo ya vita ya zama hizo, na Kitabu cha Waamuzi kinawaonyesha Wakanaani bado wapo. Hoja ya Copan ni nzito, naiheshimu. Lakini hata akiuawa mtoto mmoja tu, swali linabaki: kifo chake kiitweje?

Tulitazame neno hukumu pale linapofanya kazi kila siku. Karani anaita kesi, mshtakiwa anasimama kizimbani, hakimu anasoma: mashtaka yalikuwa haya, mashahidi wa Jamhuri walisema haya, naye mshtakiwa alijitetea hivi. Usomaji unaweza kuchukua saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni maneno ya watu wengine yakirudiwa na hakimu, ili ionekane kwamba yalisikilizwa. Akitiwa hatiani, mshtakiwa anaulizwa kama ana la kusema. Hapo ndipo utasikia ana mama mzee anayemtegemea, ana watoto wadogo, ni kosa lake la kwanza. Adhabu inakuja mwisho. Na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai.

Kwa hiyo anayesema mtoto mchanga wa Yeriko alifikwa na hukumu, amemwazima mtoto yule kizimba, mashahidi na nafasi ya kujitetea ambavyo hakupewa. Akisema adhabu, amemwazima na kosa. Craig analiona hilo, ndiyo maana amewatenga watoto akawapa neno jingine, uzima. Ila upanga ulikuwa mmoja, na amri ilikuwa moja. Na hoja ya kwamba mtoto aliyeuawa amefaidika ikishakubaliwa, sioni itakavyozuiwa isitumiwe na kila muuaji wa watoto anayedai ametumwa na Mungu.

Kilatini cha kanisa nacho kilipita hapa. Agostino, akiwaza watoto wanaokufa bila ubatizo, alishindwa kuliacha neno adhabu, akalipunguza makali tu: adhabu nyepesi kuliko zote. Karne nyingi baadaye wanateolojia walikuwa bado wanalitafutia neno lile mahali pa kukaa, wakapaita limbo, hadi tume ya kitaalimungu ya Vatikani ilipotoa waraka mwaka 2007 na kuchagua neno tumaini.

Lisbon ilipotikiswa na tetemeko tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, padre Mjesuiti Gabriel Malagrida aliandika kijitabu kuhusu chanzo chake. Neno la kwanza la jina la kijitabu hicho ni juízo, ambalo kwa Kireno ni maoni na pia ni hukumu. Alieleza kwamba dhambi za mji ndizo zilizouangusha. Waliofukiwa wakisali hawakuwa na wa kuwajibia.

Na huo utetezi wa imani wenyewe ni neno la mahakamani. Wakili wa utetezi husimama upande wa mshtakiwa, na katika kesi hii mshtakiwa ni Mungu. Mwanafalsafa Leibniz alilikubali hilo waziwazi mwaka 1710 alipounda kwa Kigiriki neno thiodisia, kutokana na Mungu na haki. Mwanafalsafa Alvin Plantinga baadaye alitenganisha: thiodisia hueleza kwa nini Mungu ameruhusu uovu, utetezi huonyesha tu kwamba kuwepo kwa uovu hakupingani na kuwepo kwake. Naupenda utetezi wa namna hiyo kwa sababu haujidai kujua sababu. Lakini mbele ya jeneza fupi, msemaji akishika kipaza sauti akatamka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, hiyo ni thiodisia kamili. Mama amekaa hapo kwenye mkeka anaisikiliza, na ikiwa Mungu hana makosa, ataanza kuyatafuta kwake mwenyewe.

Kitabu cha Ayubu kina watoto kumi, wana saba na mabinti watatu, walioangukiwa na nyumba ya kaka yao mkubwa wakila na kunywa. Hakuna hata mmoja anayetajwa jina. Mwishoni kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, na watoto wanazaliwa wengine kumi, na mabinti wapya wanapewa majina: Yemima, Kesia, Keren-hapuki. Wale wa kwanza hawarudi. Katikati ya kitabu kuna mtu mmoja tu anayethubutu kukipa kifo chao istilahi, naye ni Bildadi, mmoja wa rafiki za Ayubu, katika sura ya nane: kama wanao walikosa, Mungu amewatia mkononi mwa kosa lao. Alikuwa anamtetea Mungu. Katika sura ya mwisho Mungu anamwambia Elifazi, mwenzake Bildadi, kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa kumhusu, na kwamba wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba, waende kwa Ayubu, baba wa watoto wale, awaombee.