Mbuya na Hesabu ya Usiku Mmoja

Katika vitabu vya utawala wa Uganda, hata Kampala ina vijiji. Kila mtaa wenye baraza lake la ngazi ya chini kabisa, yaani LC1, huhesabiwa kuwa kijiji, na vijiji kadhaa huunda muluka mmoja. Kilima cha Mbuya, mashariki mwa jiji, ni miluka miwili, Mbuya I na Mbuya II, ndani ya divisheni ya Nakawa. Sensa huwaorodhesha wakazi kwa mpangilio huohuo, na huwahesabu pale walipolala. Mwaka 2024 usiku uliochaguliwa ulikuwa wa tarehe 9 Mei. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo, hata ikiwa sahihi kabisa, haitoshi kumweleza mtu wa Mbuya, kwa sababu kilima hiki kilijazwa na kazi isiyo pale kitanda kilipo, na njia kati ya viwili hivyo haijawahi kupangwa kwa ajili yake.

Tukitazama nyuma, hata kukua kwa jiji kwenyewe kuna mtego. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa ikameza Mengo, Kawempe na Nakawa. Mwaka uliofuata sensa ilipata watu wapatao 330,000, na wengi wao walikuwa wameingia jijini bila kuhama hata hatua moja. Baada ya hapo ongezeko lilikuwa la kweli: 774,241 mwaka 1991, 1,507,080 mwaka 2014, na karibu milioni 1.8 mwaka 2024. Katika jiji hilo linalokua, juu ya Mbuya kuna makao makuu ya jeshi, hospitali yake, kanisa la Bikira Maria wa Afrika na nyumba zenye kuta ndefu. Chini, kwenye bonde la Kinawataka ambalo ni ardhi oevu, vyumba vya kupanga vimebanana, kwa kuwa ndiko mwenye kipato kidogo anakoweza kulipa kodi akiwa bado karibu na viwanda na masoko.

Reli imepita chini ya kilima hicho tangu daraja la Jinja lilipokamilika mwaka 1931 na Kampala ikaunganishwa na Mombasa bila kuvuka ziwa kwa meli. Atakayesema kwamba reli ndiyo iliyoizaa Kampala ya mashariki hakosei: viwanda vilijipanga kandokando yake, na viwanda vikaita watu. Lakini reli ilijengwa kusafirisha pamba, kahawa na bidhaa za nje. Kumvusha kibarua kutoka chumbani hadi kiwandani hakukuwa kazi yake. Treni ya abiria wa mjini, kutoka Kampala hadi Namanve, ilianza Desemba 2015, miaka 84 baada ya daraja lile, tena kwa safari za asubuhi na jioni tu.

Wengine watajibu kwamba pengo hilo limeshazibwa na teksi za abiria 14 na bodaboda. Ni kweli zimeokoa mengi, na bodaboda, iliyozaliwa kwa baiskeli mpakani Busia, hupanda vichochoro ambavyo gari haliwezi. Ila nauli yake hupanda mvua inaponyesha, yaani siku ileile bonde linapojaa maji na mtu wa Kinawataka anapoihitaji zaidi. Asiye nayo hutembea, mara nyingi kando ya reli yenyewe, na hatua zake haziingii popote katika jedwali la wakazi.

Suala hili ni la leo. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Jinja imepangwa kuanzia Nakawa, itakuwa ya kulipia, na Kinawataka ni miongoni mwa maeneo ambayo wakazi wake watahamishwa kuipisha. Fidia inapohesabiwa kwa chumba na kiwanja peke yake, umbali mpya kutoka kazini haumo. Mpangaji asiye na kiwanja, anayeishi pale kwa sababu anafika kazini kwa miguu, anapoteza usafiri pamoja na makazi, na ni haki umbali huo upimwe na kulipwa kabla tingatinga halijafika.