Skuli Chini ya Njia ya Ndege

Asubuhi ya tarehe 30 Juni 1959, katika mji wa Ishikawa kisiwani Okinawa, kusini mwa Japani, watoto wa skuli ya msingi ya Miyamori walikuwa katika mapumziko mafupi, wakinywa maziwa waliyogawiwa, na mngurumo wa ndege za vita ulikuwa kwao sauti ya kila siku, kama uvumavyo wimbi kwa wakaao pwani. Ndege moja ya aina ya F-100, iliyoruka kutoka kambi ya Wamarekani ya Kadena, ilishikwa na moto angani. Rubani akajitupa kwa mwavuli akasalimika, na chombo chake, kikiwa hakina tena wa kukiongoza, kikaziangukia nyumba za raia, kisha kikayavamia madarasa. Walikufa watu 17, wanafunzi 11 na wakazi 6, na waliojeruhiwa walizidi 200. Na mwanafunzi mmoja aliyenusurika alifariki miaka mingi baadaye kwa madhara ya majeraha yake ya moto, akahesabiwa kuwa wa 18.

Wapo wasemao kwamba watu wa kisiwa kile ndio waliovifuata viwanja vya ndege wakajenga kando yake, lakini tarehe yakanusha kauli hiyo. Katika vita vya mwaka 1945 jeshi la Marekani lilipoitwaa Okinawa, lilijenga kiwanja cha Futenma juu ya mashamba na maskani ya watu wa Ginowan, na wenyeji waliporuhusiwa kurudi kutoka kambi walikozuiliwa, walikuta ua wa chuma umezunguka walipozaliwa, wasiwe na hila ila kukaa pembezoni mwake. Utawala wa Marekani ulidumu hadi tarehe 15 Mei 1972, lakini kambi hazikuondoka pamoja nao: kisiwa ambacho ardhi yake haifiki hata sehemu moja katika mia ya ardhi ya Japani hubeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini humo. Basi skuli ya pili ya Futenma ilipofunguliwa mwaka 1969, kwa sababu ile ya kwanza ilikwisha jaa wanafunzi, ilijengwa ukingoni mwa ua ule ule, ambako helikopta hushuka chini mno zikirudia mazoezi ya kuruka na kutua.

Misiba haikukoma. Tarehe 11 Juni 1965, huko Yomitan, tela lililoangushwa kwa miavuli katika mazoezi ya kijeshi lilimponda msichana wa skuli akafa. Tarehe 13 Agosti 2004 helikopta kubwa iliangukia jengo la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa, na kwa rehema ya Mungu siku zile zilikuwa za likizo, raia hawakufa. Tarehe 13 Desemba 2017 dirisha la helikopta, lenye uzito wa kilo 7.7, lilianguka katika uwanja wa skuli ile ya pili ya Futenma, wakati watoto wapatao 50 wakifanya mazoezi ya viungo.

Na ahadi je? Mwezi Machi 1996 serikali za Japani na Marekani zilikubaliana kwamba ndege ziepuke kupita juu ya skuli na hospitali kadiri iwezekanavyo. Na tarehe 12 Aprili mwaka huo huo Waziri Mkuu wa Japani, Hashimoto, na Balozi wa Marekani, Mondale, wakatangaza kwamba kiwanja cha Futenma kitarudishwa kwa wenyewe katika muda wa miaka mitano hadi saba. Miaka saba ilipita, ikapita na mingine saba, na zaidi. Dirisha lilipoanguka mwaka 2017, ahadi iliyotolewa ilirudia maneno yale yale, kadiri iwezekanavyo. Na watoto waliporuhusiwa kurudi uwanjani mwaka uliofuata, waliwekewa walinzi wa kutazama anga, na katika miezi michache tu wakaamriwa kukimbilia mahali pa salama zaidi ya mara 500. Wahenga wetu wamenena kwamba ahadi ni deni, lakini deni ambalo mdaiwa ndiye apimaye uwezo wake wa kulipa, siku apendayo, mdai wake hana cha kushika mkononi.

Katika uwanja wa skuli ya Miyamori limesimamishwa sanamu la Jizo, ambaye Wabudha wa Japani humheshimu kuwa mlinzi wa watoto, na kila mwaka ifikapo tarehe 30 Juni wanafunzi hukusanyika kuwakumbuka wenzao ambao hawakuwahi kuwaona. Mataifa yana haki ya kuwafunza askari wao, wala sibishi. Lakini mzazi anapomkabidhi mwalimu mtoto wake asubuhi, humkabidhi amana, na amana hairudishwi kadiri iwezekanavyo: hurudishwa kamili.