Neno la Mlalamikaji Mbele ya Jaji

Chini ya Mlima Longonot, katika ardhi ambayo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa 1904, walowezi walikuja na mahakama zao. Mwaka 1923 mlowezi mmoja wa Kenya, Jasper Abraham, alishtakiwa mjini Nakuru kwa kifo cha Kitosh, mfanyakazi aliyepigwa mijeledi kisha akafungwa kamba usiku. Juri la Wazungu peke yao lilikataa kukiita kifo hicho mauaji. Abraham akapewa miaka 2. Juri lilikuwa haki ya Mzungu. Mwafrika aliposhtakiwa Mahakama Kuu, jaji aliketi na wazee wa mahakama, ambao maoni yao hayakumfunga.

Katika kesi za ubakaji jaji alibeba desturi nyingine kutoka Uingereza. Ilimpasa awaonye wazee, na ajionye mwenyewe, kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke lisilo na ushahidi wa kuliunga mkono. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliifafanua kanuni hiyo: akishaonya, jaji aliweza kumwamini mlalamikaji, asipoonya, kwa kawaida hukumu ilitenguliwa. Mawakili wa rufaa wakawa wanapekua kumbukumbu za kesi wakilitafuta onyo. Aliyeibiwa ng'ombe hakuwahi kuwekewa shaka ya namna hiyo.

Tarehe 30 Januari 2003, ikiketi Mombasa, Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliikataa kanuni hiyo. Majaji walisema hakuna utafiti unaoonyesha kuwa wanawake na wasichana, kama kawaida yao, husema uongo kuhusu waliyotendewa. Kuwashuku kwa jinsia yao kulivunja kifungo cha 82 cha Katiba ya wakati huo. Bunge likarekebisha kifungo cha 124 cha Sheria ya Ushahidi mwaka 2003, na tena 2006 kupitia Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopiganiwa na mbunge Njoki Ndung'u.

Leo kesi ya msichana wa Longonot anayedai kubakwa husikilizwa Naivasha. Neno lake peke yake laweza kutosha, mradi hakimu aandike kwa nini ameliamini. Mfungwa akikata rufaa, jaji ambaye hakumwona msichana huyo akitoa ushahidi huupima wote upya. Mistari ile ya hakimu ikiwa mitupu, hukumu yaweza kuanguka. Ikiandikwa kwa uangalifu, humkinga mshtakiwa asiye na hatia, na humwepusha msichana na fedheha ya kudhaniwa mwongo kabla hajafungua kinywa.