Kusema kwa Niaba: Jeraha la Ubongo na Haki ya Fidia Songea

Habari za fidia ya mfanyakazi aliyeumia, katika nchi ya Songea, haziwezi kutengwa na habari za safari ya kwenda mkongeni. Tangu enzi ya Wajerumani, na zaidi chini ya utawala wa Waingereza, wanaume wa Kingoni na Kindendeule waliacha mashamba yao wakaenda kukata mkonge Tanga. Safari hizo alizieleza P. H. Gulliver katika utafiti uliochapishwa mwaka 1955. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, shirika la kuwaandika vibarua na kuwasafirisha. Vibarua hao waliitwa manamba, jina litokanalo na namba walizopewa, na kila mmoja alikuwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30.

Kipande kilithibitisha siku za kazi. Hakikuweza kuthibitisha mtu alivyokuwa kabla ya kuumia. Sheria ya fidia, Sura 263, iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilifuata desturi ya Waingereza ya kupima hasara ya mwili kwa sehemu za mia. Aliyepoteza vidole aliweza kuuonyesha mkono wake. Aliyepigwa kichwani, kidonda kikapona na kumbukumbu zisirudi, angeonyesha nini?

Hata lugha yetu humpa shida mtu huyu. Twasema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno ya ngeli moja, yatajayo hali ambayo jirani huitambua mapema. Kwa aliyeumia ubongo twayakuta punguani na mwenda wazimu, maneno yenye dharau, na hakuna hata moja lisemalo kwamba jana mtu huyu alikuwa mzima. Kwa hiyo jamaa zake husema tu, “Amebadilika.” Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilimtanguliza mtu mbele ya ulemavu wake, lakini jina la heshima si ushahidi wa jeraha.

Sheria mpya ya fidia ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Taarifa ya ajali yaweza kutolewa kwa mwajiri kwa maandishi au kwa mdomo, na mfanyakazi mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake; madai yapasa kufikishwa katika muda wa miezi 12. Maneno hayo, kwa niaba yake, ndiyo mlango wa aliyeumia ubongo. Madai yataka siku, mahali, mashahidi na mfuatano wa mambo, naye amepoteza uwezo wa kuyapanga. Pengine hata hajui kwamba amesahau, na akiulizwa hujibu kuwa hajambo.

Basi amsaidiaye si mwombezi tu, bali ni shahidi. Daktari hueleza jeraha. Mke au mama hueleza maisha: kwamba zamani alihesabu fedha za mahindi bila kukosea, na sasa hutia chumvi mara mbili katika chungu kimoja. Kwamba hupotea njia ya sokoni aliyoizoea tangu utoto. Mambo hayo yakiandikwa pamoja na tarehe zake, jeraha lisiloonekana hupata umbo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao waweza kuyapanga maelezo hayo.

Hata hivyo mfuko huo ni wa walioajiriwa. Mkulima aliyeanguka mtini, au kijana wa bodaboda anayejitegemea, hana mwajiri wa kumpelekea taarifa, na mzigo wake hubaki kwa ukoo.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa, kwa maana yule mama sasa aweza kusema kwa lugha aijuayo. Lakini faida yake itategemea anayemsikiliza: akitaka kuona kiungo kilichokatika, atamrudisha mama huyo nyumbani mikono mitupu, kama alivyorudi manamba na kipande chake.